Watu 821, majibu mawili: mgonjwa wa dimenshia huishi muda gani?

Mwezi Aprili 2001, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kutoka Kanada uliobeba jambo la kushtua. Watafiti walikuwa na taarifa za wagonjwa 821 wa dimenshia, yale maradhi ya uzeeni yanayokula kumbukumbu, lugha na uwezo wa mtu kujihudumia. Swali lao lilikuwa la kawaida kabisa: tangu dalili za kwanza zionekane, mgonjwa huishi muda gani? Walipokokotoa kwa njia iliyozoeleka, walipata kwamba nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miaka 6.6. Walipokokotoa tena kwa kuzingatia namna wagonjwa hao walivyopatikana, jibu likawa miaka 3.3. Watu ni walewale, tarehe ni zilezile, vifo ni vilevile, lakini muda umekatika nusu.

Kabla ya hapo, makadirio yaliyokuwa yakitajwa katika tafiti yalianzia miaka 5 hadi 9.3. Mtoto anayeacha kazi ili amtunze mama yake hupanga maisha kwa kutegemea namba kama hizi, na serikali inayokadiria idadi ya walezi na vitanda vya nyumba za wazee hufanya hivyo hivyo. Ninakirudia kisa hiki kwa sababu kosa lililosahihishwa halikuzaliwa na uzembe. Mtafiti mwangalifu, mwenye data safi na nia njema, anaweza kulipita bila kuliona, na wengi walilipita.

Wagonjwa walipatikanaje

Data zilitoka kwenye Utafiti wa Kanada kuhusu Afya na Uzee, mradi mkubwa ulioanza 1991 katika majimbo yote kumi ya nchi hiyo. Waliteuliwa kwa bahati nasibu watu 10,263 wenye umri wa miaka 65 na zaidi: 9,008 walioishi majumbani na 1,255 walioishi katika taasisi za kulea wazee. Wale wa majumbani walipewa kwanza jaribio la maswali lenye alama 100 la kupima kumbukumbu na fikra, na aliyepata chini ya 78 aliitwa kwa uchunguzi kamili wa kitabibu. Kwa aliyebainika kuwa na dimenshia, ndugu au mlezi aliyemfahamu vizuri aliulizwa dalili zilianza lini. Baada ya hapo wagonjwa walifuatiliwa kwa miaka mitano na vifo vikaandikwa.

Huu ni utafiti mzuri, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Sampuli ilichotwa nchi nzima, haikuokotwa kwenye kliniki moja ya wataalamu ambako hufika wenye uwezo na wenye jamaa wa kuwahangaikia. Waliokuwa kwenye taasisi hawakuachwa nje, jambo ambalo lingewaondoa wagonjwa waliodhoofika zaidi. Kati ya hao 821, wagonjwa 396 walikuwa na ugonjwa wa Alzheimer ambao madaktari waliuona una uwezekano mkubwa, 252 walikuwa na Alzheimer inayowezekana lakini yenye mashaka kidogo, na 173 walikuwa na dimenshia itokanayo na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo.

Tatizo limejificha katika sharti moja ambalo halikuandikwa popote, kwa kuwa lilionekana halina haja ya kuandikwa: mgonjwa aliingia katika utafiti endapo tu alikuwa hai siku watafiti walipobisha hodi.

Chukua wanawake wawili walioanza kuugua mwaka mmoja, tuseme 1986. Mmoja akafariki 1988. Mwingine akaishi hadi 1995. Watafiti walipokuja 1991 walimkuta huyu wa pili, wakamwandika, wakauliza ugonjwa ulianza lini, wakaambiwa 1986, wakaweka kumbukumbu ya mgonjwa aliyeishi na dimenshia kwa miaka tisa. Yule wa kwanza hana jina kwenye orodha. Hakukataa kuhojiwa wala hakupotea njiani, mambo ambayo watafiti huyahesabu na kuyaripoti. Aliondoka kabla orodha haijaanza kuandikwa, na hakuna safu yoyote kwenye jedwali inayoonyesha pengo lake.

Hesabu ya pengo hilo

Tubuni mfano wenye namba rahisi. Tuseme katika jamii fulani kila mwaka watu 100 hupatwa na ugonjwa. Hamsini kati yao huishi nao miaka 2 kamili, na hamsini wengine huishi miaka 8 kamili. Anayeanza kuugua leo, kwa wastani, ana miaka 5 mbele yake.

Sasa ingia katika jamii hiyo siku yoyote uwahesabu wagonjwa walio hai. Wale wa muda mfupi utawakuta walioanza ndani ya miaka miwili iliyopita tu, kwa hiyo ni 100. Wale wa muda mrefu utawakuta walioanza ndani ya miaka minane iliyopita, kwa hiyo ni 400. Jumla ni wagonjwa 500, na wanne kati ya kila watano ni wa muda mrefu, ingawa siku ya kuanza kuugua makundi haya mawili yalikuwa sawa kwa sawa. Ukiwafuatilia wote 500 hadi pumzi ya mwisho bila kumpoteza hata mmoja, kisha ukatafuta wastani wa muda tangu ugonjwa uanze, utapata miaka 6.8. Kila tarehe ni sahihi na kila kifo kimethibitishwa, lakini namba imezidi ukweli wa mgonjwa mpya kwa karibu miaka miwili.

Wanatakwimu huliita jambo hili mwelemeo wa urefu. Uwezekano wa mgonjwa kukutwa hai siku ya sensa hulingana na urefu wa muda atakaoishi na ugonjwa: anayeishi miaka minane ana nafasi mara nne ya yule wa miaka miwili. Na kwa kuwa tunajua kanuni iliyopotosha sampuli, tunaweza kuigeuza. Gawanya kila kundi kwa urefu wake: 100 kwa 2 ni 50, 400 kwa 8 ni 50. Usawa wa mwanzo umerudi, na wastani wa miaka 5 umerudi nao. Kiini cha masahihisho ya Kanada ni hiki, hata kama hesabu halisi ina mizigo mingine mingi juu yake.

Mzigo wa kwanza ni kwamba ufuatiliaji una mwisho. Miaka mitano ilipokwisha, baadhi ya wagonjwa walikuwa bado hai. Kwa mgonjwa wa namna hii tunajua tu kwamba ameishi angalau muda fulani. Tangu wanatakwimu Kaplan na Meier wachapishe mbinu yao mwaka 1958, watafiti wa tiba wana njia ya kuaminika ya kushughulikia hali hiyo: mgonjwa huhesabiwa miongoni mwa walio hatarini hadi siku ya mwisho aliyoonekana hai, kisha huondolewa kwenye hesabu bila kuchukuliwa kwamba amekufa. Mbinu hii ndiyo inayochora ile mistari ya ngazi zinazoshuka katika makala za tiba. Mediani, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa wanakuwa wamefariki, husomwa pale mstari unapokatiza asilimia 50.

Lakini mbinu ya Kaplan na Meier katika sura yake ya kawaida inaamini jambo moja: kwamba kila mtu alikuwa chini ya uangalizi tangu saa ilipoanza kuhesabu. Hapa saa inaanza siku ya dalili za kwanza, ilhali uangalizi umeanza miaka kadhaa baadaye. Mtu aliyeanza kuugua 1984 na kupatikana 1991 anaingizwa kwenye hesabu kana kwamba watafiti walimwona akiivuka miaka hiyo saba mmoja baada ya mwingine. Hawakumwona. Angefariki katika mwaka wowote kati ya hiyo, asingekuwa kwenye orodha. Miaka saba ya uhai inaingia kwenye mizani upande mmoja, na vifo vya wenzake vya kipindi hichohicho haviingii upande wa pili. Ndivyo miaka 6.6 inavyopatikana, pamoja na masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mipaka inayoonyesha bahati ya uteuzi inaweza kuiyumbisha namba kiasi gani, ya kuanzia 6.2 hadi 7.1. Masafa hayo ni membamba, yanatia moyo, na hayasemi lolote juu ya mwelemeo. Sampuli ikiwa kubwa zaidi yanazidi kuwa membamba kuizunguka namba ileile isiyojibu swali.

Njia mbili za kusahihisha

Njia ya kwanza ni kumruhusu mgonjwa achelewe kuingia. Yule aliyepatikana akiwa na miaka saba ya ugonjwa huanza kuhesabiwa miongoni mwa walio hatarini kuanzia mwaka wa saba, wala si kabla. Anachangia kujibu swali la nani hufa kati ya mwaka wa saba na wa nane, kwa kuwa hapo alionekana. Kuhusu mwaka wa pili hana la kusema. Wazo hili lina ndugu yake katika elimu ya nyota: mwaka 1971 Donald Lynden-Bell alilitumia kwa kwaza, magimba ya angani ambayo yaliyo hafifu hayaonekani kutoka mbali, kwa hiyo orodha ya yanayoonekana hujaa yaliyo angavu. Kwa wagonjwa, faida ya njia hii ni kwamba haidai ujue historia ya ugonjwa katika jamii.

Udhaifu wake uko mwanzoni mwa mstari, mahali ambapo kwa dimenshia ndipo penye uzito. Ni wachache sana wanaokutwa wakiwa na miezi mitatu au sita tu ya ugonjwa. Ikiwa katika mwezi wa nne wako wawili tu katika hesabu na mmoja akafariki, mstari unaanguka nusu kwa kifo kimoja, na kila kinachofuata kinajengwa juu ya nusu hiyo.

Njia ya pili ndiyo waliyoichukua watafiti wa Kanada. Inasema hivi: kama visa vipya vimekuwa vikitokea kwa kasi ileile mwaka hadi mwaka, basi tunajua hasa jinsi uteuzi ulivyofanya kazi, kwa kulingana na urefu kama kwenye mfano wetu, na tunaweza kuitumia elimu hiyo moja kwa moja ndani ya hesabu. Hata muda ambao mgonjwa alishauishi na ugonjwa kabla ya kupatikana unakuwa ushahidi juu ya muda wa kuishi. Njia ya kwanza inaitupa taarifa hiyo. Ya pili inaifanyia kazi. Msingi wa kinadharia uliwekwa na Yehuda Vardi mwaka 1989, na mwaka 2002 Masoud Asgharian, Cyr Emile M'Lan na David Wolfson walichapisha hisabati kamili ya hali iliyowakabili Kanada, ambapo sampuli ina mwelemeo wa urefu na ufuatiliaji pia unakatizwa.

Kukutana kwa mambo hayo mawili kunaleta mtego ambao mtu aliyezoea programu za kawaida za takwimu anaweza kuuangukia. Mbinu nyingi za muda wa kuishi zinadai kwamba kukatizwa kwa ufuatiliaji kusiwe na uhusiano na urefu wa maisha. Hapa uhusiano upo kwa maumbile ya hesabu yenyewe. Muda wote wa ugonjwa ni jumla ya sehemu mbili: kabla ya kupatikana na baada ya kupatikana. Muda wa kukatizwa nao ni jumla: kabla ya kupatikana na urefu wa ufuatiliaji. Sehemu ya kwanza imo katika zote mbili. Aliyepatikana akiwa na miaka kumi ya ugonjwa ana muda mrefu wa ugonjwa na muda mrefu wa kukatizwa kwa pamoja. Kwa hiyo ile njia yetu ya kugawanya kwa urefu, iliyofanya kazi vizuri pale tulipowafuatilia wote 500 hadi mwisho, haitoshi mara tu wengine wanapobaki hai siku utafiti unapofungwa. Ndiyo maana hesabu ya 2001 haikuwa jambo la kubonyeza kitufe.

Matokeo yalikuwa mediani ya miaka 3.3, na masafa ya uhakika kuanzia 2.7 hadi 4.0. Linganisha na masafa ya awali ya 6.2 hadi 7.1: hayagusani kabisa. Kwa Alzheimer yenye uwezekano mkubwa ilikuwa miaka 3.1, kwa Alzheimer inayowezekana 3.5, na kwa dimenshia ya mishipa ya damu 3.3. Masafa mapya ni mapana kuliko ya zamani, na naona hilo ni dalili ya uaminifu, kwa sababu walioishi muda mfupi ni wachache katika sampuli, na hao wachache sasa wanabeba uzito wa wenzao wote waliokufa bila kuonekana.

Dhana inayobeba kila kitu

Masahihisho haya yanasimama juu ya dhana ya visa vipya kwenda kwa kasi moja. Je, ni halali kudhani hivyo kwa Kanada ya miaka ya 1970 na 1980? Mtu ana haki ya kusita, kwani idadi ya wazee katika nchi tajiri ilikuwa ikiongezeka, na wazee wakiongezeka, wanaopatwa na dimenshia kila mwaka nao huongezeka.

Tuone kosa lingeelekea wapi. Kama visa vipya vimekuwa vikiongezeka, siku ya sensa utakuta wengi walioanza karibuni na wachache walioanza zamani kuliko kanuni inavyotazamia. Wagonjwa wa muda mrefu watakuwa wamezidishwa katika sampuli, lakini kwa kiasi kidogo kuliko urefu wao. Ukiwagawanya kwa urefu wote unawapunguza kupita kiasi, na muda unaokadiriwa unakuwa mfupi mno. Kwa maneno mengine, ongezeko la visa lingefanya miaka 3.3 iwe chini ya ukweli. Lisingeirudisha 6.6. Ili hesabu ya zamani iwe sahihi ingebidi urefu wa ugonjwa usibadilishe hata kidogo nafasi ya mtu kukutwa hai, jambo lisilowezekana.

Uzuri ni kwamba data zenyewe zina njia ya kuikagua dhana hii. Visa vikienda kwa kasi moja, muda ambao wagonjwa wamekwisha kuugua kabla ya kupatikana na muda watakaoendelea kuishi baadaye lazima viwe na mgawanyo uleule. Rudi kwenye mfano: wale 500 wana wastani wa miaka 6.8 kwa ujumla, na ukiwakuta siku yoyote watakuwa wamemaliza kwa wastani miaka 3.4 na wamebakiza 3.4. Chora mistari miwili, mmoja wa nyuma na mmoja wa mbele, uone kama inalalana. Kama wa nyuma ni mfupi kuliko wa mbele, shuku kwamba visa vilikuwa vinaongezeka. Vittorio Addona na David Wolfson waliligeuza wazo hili kuwa jaribio rasmi la kitakwimu mwaka 2006. Napenda sana hatua hii, kwa sababu dhana nyingi katika takwimu za tiba hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa zipite. Hii inaweza kuwekwa mezani na kupimwa.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwingine, kwenye tarehe ya mwanzo. Dimenshia haina siku ya kuanza kama mfupa unavyovunjika. Mama anarudia hadithi moja mara mbili kwa siku, halafu anasahau jiko likiwaka, halafu anapotea njia aliyoizoea. Familia inayaita uzee kwa mwaka mzima au miwili kabla mtu hajathubutu kutaja ugonjwa. Akiulizwa miaka mitano baadaye, ndugu huwa na mwelekeo wa kuchagua tukio lililowashtua na kuliita mwanzo. Mwanzo ukisogezwa karibu, muda wote unafupishwa, na muda wa nyuma unaathirika huku wa mbele ukibaki sahihi, maana tarehe ya kifo haisahauliki. Basi hata ule ukaguzi wa mistari miwili hauwezi peke yake kutofautisha visa vinavyoongezeka na kumbukumbu inayosogeza tarehe. Vyote viwili huacha alama ileile.

Kuanza na walio wazima

Njia iliyo wazi ya kuepuka mkanganyiko huu ni kuanza na wazee wasio na dimenshia, kuwatembelea mara kwa mara, na kuwahesabia wale wanaougua wakiwa tayari chini ya uangalizi. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa 2008 na Jing Xie, Carol Brayne na Fiona Matthews ulifanya hivyo na ukapata wagonjwa wapya 438. Mediani tangu kuanza kwa ugonjwa ilikuwa miaka 4.1 kwa wanaume na 4.6 kwa wanawake. Hiyo iko karibu zaidi na 3.3 kuliko 6.6, na kwangu ni ushahidi mzito kwamba Wakanada walisahihisha kuelekea upande ulio sawa.

Kwa nini basi haikuangukia palepale? Sababu moja ni kwamba tafiti za namna hii zina mwelemeo wao wenyewe, uleule wa zamani kwa kiwango kidogo. Watafiti hurudi baada ya miaka kadhaa. Mzee aliyekuwa mzima ziara ya kwanza, akapata dimenshia mwaka uliofuata na kufariki kabla ya ziara ya pili, anaandikwa kwamba alikufa bila dimenshia. Wanaoishi muda mfupi wanapotea tena. Ufaransa, waliokuwa na utafiti wa PAQUID wa wazee 3,777 wa Gironde na Dordogne ulioanza 1988, walilikabili hili waziwazi: mwaka 2002 Pierre Joly, Daniel Commenges na wenzao walichapisha modeli yenye hali tatu, yaani mzima, mgonjwa na aliyefariki, inayokubali kwamba baadhi ya waliokufa kati ya ziara mbili walipitia hali ya ugonjwa bila mtu kujua. Kwa maradhi ya uzeeni, ambako kifo kinaweza kumfikia mtu kwa njia nyingi kabla dimenshia haijatambuliwa, siamini tena hesabu isiyoacha nafasi kwa watu hao.

Sababu ya pili ni umri, na hapa namba moja kwa wagonjwa wote inaanza kunikera. Katika utafiti huohuo wa Uingereza, walioanza kuugua wakiwa na miaka 65 hadi 69 walikuwa na mediani ya miaka 10.7, walioanza wakiwa na 90 au zaidi, miaka 3.8. Huko Baltimore, Ron Brookmeyer na wenzake walikadiria mwaka 2002 kwamba aliyegunduliwa na Alzheimer akiwa na miaka 65 ana mediani ya miaka 8.3, na aliyegunduliwa akiwa na 90 ana 3.4. Hao wa Baltimore walihesabu kuanzia siku ya kugunduliwa, na wa Uingereza tangu ugonjwa kuanza, kwa hiyo namba hazilingani moja kwa moja, lakini mteremko wa umri ni mmoja. Sampuli ya nchi nzima ya watu wa miaka 65 na zaidi, yenye wakazi wa taasisi ndani yake, imejaa watu walioanza kuugua wakiwa wazee sana. Miaka 3.3 ni yao. Kumpa namba hiyo mtu aliyeanza kuugua akiwa na miaka 66 ni kumkosea.

Miaka 6.6 ni ya nani?

Wengi wanaokisimulia kisa hiki huitupa 6.6 kama uongo uliofichuliwa. Mimi naona inajibu swali ambalo halikuulizwa. Nenda kwenye nyumba yoyote ya wazee leo, uwatazame wenye dimenshia walio hai. Hao tayari wamechujwa na wakati. Ukisubiri hadi mwisho wa wote na kuhesabu tangu mwanzo wa ugonjwa, mediani yao itakuwa ndefu, ya upande wa 6.6, kwa sababu hao ndio waliodumu. Namba hiyo inaeleza umati unaoonekana. Ile ya 3.3 inaeleza watu wanaoanza safari, wakiwemo wale ambao hatutawahi kuwaona.

Anayepanga huduma anahitaji kutofautisha haya mawili kuliko mtu yeyote. Kanuni ya msingi ni kwamba idadi ya wagonjwa waliopo ni idadi ya wapya kwa mwaka mara wastani wa muda wa ugonjwa. Katika mfano wetu, 100 mara 5 ni 500, na kweli tuliwahesabu 500. Aliyebeba wastani wa 6.8 kutoka kwenye sampuli ya walio hai angetangaza wagonjwa 680 na kutenga fedha kwa watu 180 wasiokuwepo.

Na familia je? Familia inayouliza huwa mara nyingi iko katikati ya safari tayari. Katika mfano wetu, mgonjwa aliyevuka mwaka wa pili ana hakika ya kufika wa nane. Wastani wa miaka 5 wa siku ya kwanza haumhusu tena, na kumwambia mlezi wake kwamba imebaki miaka mitatu kungekuwa kumpotosha. Maradhi halisi hayana mpaka mkali namna hiyo, lakini mwelekeo ni huohuo. Swali la mlezi ni hili: mgonjwa aliye katika hali hii leo ana muda gani mbele yake? Kwa swali hilo saa inaanza leo, na ile tarehe ya mwanzo iliyotusumbua inaweza kuwekwa kando bila hasara.

Utafiti uliofanya hivyo hasa ni ule wa Susan Mitchell na wenzake, uliochapishwa 2009. Uliwafuatilia wakazi 323 wenye dimenshia iliyofikia hatua za mwisho katika nyumba 22 za wazee eneo la Boston, saa ikianzia siku ya kuingia katika utafiti. Ndani ya miezi 18, asilimia 54.8 walifariki. Mwelemeo wa urefu hauigusi namba hiyo inapotumiwa kwa watu wa aina hiyohiyo, kwa kuwa swali na sampuli vinaanzia mahali pamoja. Watafiti hao walikwenda mbele zaidi: waliangalia matukio ambayo muuguzi anaweza kuyaona yakitokea. Baada ya nimonia, asilimia 46.7 walifariki ndani ya miezi sita. Baada ya kipindi cha homa, asilimia 44.5, baada ya matatizo ya kula, asilimia 38.6. Mlezi hawezi kukumbuka kwa hakika mwaka ambao mama yake alianza kusahau, lakini anaijua wiki ambayo mama alianza kushindwa kumeza, na kuanzia wiki hiyo daktari ana namba inayomhusu ya kumpa.